Bibi Frumet wa Zalesko, Aliyewafungulia Wajane

Alizaliwa mwaka 1888 katika mji wa Zalesko, Polandi, binti pekee wa Nokhem mwandishi, aliyenakili Torati kwa mkono. Mabinti hawakufundishwa kazi hiyo, lakini Frumet alikaa karibu na meza ya baba yake hadi herufi zikamwingia zenyewe, na mzee akajifanya haoni. Aliolewa, akazaa mtoto mmoja, Leyzer, kisha akafiwa na mume mapema. Ndipo alipoitikia wito wa kuwaosha wanawake waliofariki, kazi ambayo anayetendewa hawezi kushukuru, na kwa hiyo watu wake huihesabu kuwa wema wa kweli. Alikuwa na ulimi mkali. Wenzake walimwogopa kidogo na kumpenda sana.

Mwaka 1941 Wajerumani waliuteka mji, wakawafungia Wayahudi wote katika mitaa mitatu, wakapiga marufuku kuandika lolote kuhusu waliokufa. Wanaume walichukuliwa kwenda kufanya kazi na hawakurudi. Hapo ndipo palipouma, kwa maana mwanamke wa Kiyahudi hana ruhusa ya kuolewa tena mumewe akipotea, mpaka apatikane mtu aliyekiona kifo. Asipopatikana, mama huyo hubaki amefungwa kwa mume asiyekuwepo, mpaka kaburini. Rabi Pinkhes, mwalimu wa sheria wa mji, akiwa hoi kitandani, alimwita Frumet.

"Wanatuua, sawa," alimwambia. "Lakini tusiwaachie wawafunge hata wajane wetu. Andika nani aliona, na aliona nini. Ya kusikia usiandike."

"Rabi wangu, mimi ni mwosha maiti tu."

"Ndiyo maana. Nani atakupekua wewe?"

Basi aliandika, na karatasi alizificha chini ya ubao wa kuoshea maiti. Askari walikuja mara moja, wakafungua mlango, wakaona amelala marehemu wa homa ya chawa, inayoambukiza, wakaufunga upesi kuliko walivyoufungua. Wako wanaoliita jambo hilo muujiza. Waliokuwemo chumbani wanasema ni ile homa. Frumet mwenyewe aliposikia ubishi huo alisema haoni tofauti.

Jaribu lake kubwa lilikuja vuli ya 1942. Leyzer, mume wa Mirl, alikuwa amepelekwa kujenga reli, na Bunem, mwendesha mkokoteni aliyekwenda naye, alirudi peke yake.

"Bibi Frumet, mwanao..."

"Nimeelewa. Nyamaza."

Akaingia ndani, akaandika kwamba Leyzer amefariki, akatia jina lake mwenyewe, akampelekea Rabi. Rabi alisoma akalia, kisha akatikisa kichwa. "Hii haimfai Mirl kitu. Wewe ni mama mkwe wake. Aliyeona ni Bunem."

Sheria yao tangu zamani hailikubali neno la mama mkwe katika jambo hilo, kwani inahofiwa asije akamtega mkaza mwana wake aolewe mumewe akiwa hai. Frumet aliijua sheria hiyo vizuri, na kwa familia za wengine hakuwahi kuteleza. Uchungu ulimsahaulisha.

"Basi niache, Rabi. Kumsikiliza Bunem siwezi."

"Mirl bado msichana, Frumet."

Alirudi nyumbani, akamkuta Mirl akimenya viazi vilivyooza nusu. Binti alimtazama usoni akajua anakotaka kwenda. "Mama, usiende kwa ajili yangu. Mimi mume mwingine sina haja naye."

"Leo huna. Kaa hapo, menya."

Akaenda kwa Bunem, akaketi. "Haya, sema uliyoyaona. Na usinihurumie." Bunem alisema: mahali, saa, aliyefyatua risasi. Frumet aliyaandika yote, kisha akamtaka arudie. Likabaki swali moja ambalo sheria hailiachi.

"Uso wake uliuona?"

"Niliuona, mama. Nilimfumba macho mimi."

Akaandika na hilo, Bunem akatia sahihi. Frumet akamshukuru, akaenda kukaa sakafuni siku saba za maombolezo, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Masika ya 1943, watu wa mitaa ile walipokuwa wakimalizwa, alizitia karatasi zote, hata ile iliyokataliwa, katika chungu akawapa wachimba kaburi, nao wakakizika pamoja na vitabu vitakatifu vilivyochakaa, ambavyo Wayahudi hawachomi bali huvizika kama watu. Wiki hiyohiyo alichukuliwa pamoja na wengi. Kifo chake hakikuandikwa na mtu.

Mirl aliokoka msituni. Mwaka 1946 alichumbiwa na Anshel, fundi saa, lakini marabi watatu wa baraza walitaka ushahidi, na Bunem alikuwa ameshakufa. Mchimba kaburi mmoja aliyebaki aliwaonyesha mahali, chungu kikafukuliwa. Rabi mkubwa aliichukua karatasi ya kwanza yenye jina la Leyzer. "Hili ni neno la mama mkwe," alisema, akaiweka kando. Rabi akachukua ya pili, akasoma kimya mpaka chini, kwenye sahihi ya Bunem, akawapa wenzake. Walipomaliza, alivua miwani.

"Binti yangu, unajua kilichoandikwa humu?"

"Sijui. Mama hakuniambia."

"Basi usisome leo. Uko huru. Nenda kaolewe."

Mirl alicheka na kulia kwa pamoja, na Anshel, aliyekuwa akingoja nje, alidhani amekataliwa mpaka alipokumbatiwa. Kwa karatasi za chungu kile wajane wengine wengi walifunguliwa, na mwaka ule palikuwa na arusi za nguo za kuazima karibu kila wiki. Siku ya kumkumbuka Frumet, wazao wao huwasha mshumaa, kisha mmoja husimulia alichokiona kwa macho yake, na wengine hawamkatizi. Anayetaka kumwiga Bibi Frumet afanye vivyo hivyo: asikilize hadi mwisho lile asiloweza kulisikia, ili mwingine apate kuishi.