Maujuzi ya Kaka Zizini

Leo nimeona maujuzi kwa macho yangu. Ng'ombe bado anacheka.

Kaka yangu karudi kijijini kwetu Gendabi juzi na cheti chake cha mifugo. Asubuhi kamnyang'anya mama ndoo: "Kaa, mama. Kukamua kunataka maujuzi."

Ndama akamfunga mbali, eti analeta uchafu.

Akavaa glavu. (Jamani, glavu!)

Akakamua wee. Hata tone! Ng'ombe kabana maziwa, anamtazama tu.

Na ng'ombe si wetu. Bibi jirani ametupa tumtunze tunywe maziwa, akiona hatuwezi anamchukua.

Sasa nani kasimama mlangoni mwa zizi, kasikia yote? Bibi mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hayo maujuzi ndiyo nini?"

Kaka, jasho linamtiririka: "Ni kujua kazi kwa vitendo, bibi. Siyo kusoma tu."

(Sikucheka. Nilikohoa.)

Bibi akamfungua ndama. Ndama akakipiga kiwele kwa kichwa, akanyonya kidogo, maziwa yakashuka.

"Basi huyu ndiye anayo," bibi akasema, akampa kaka kamba ya ndama. "Mshike mwalimu wako, mimi nikamue."

Glavu zipo. Nani anazitaka?