Masizi Kwapani

Mama mkwe wangu alinichanja kabla sijaenda hospitali. Alikuja kutoka kijijini, huko magharibi, na wembe mpya na unga mweusi wa mizizi aliyoichoma mwenyewe. Akanikata chale ndogo juu ya uvimbe wa titi, akausugua unga humo mpaka nikasaga meno. Nilimwachia ili anyamaze. Hakunyamaza.

Kansa ilipothibitishwa, daktari alinieleza kwamba ningedungwa karibu na titi dawa yenye chembe za metali inayotoa mionzi. Chembe hizo zingeingia kwenye mishipa myembamba ya limfu na kunaswa katika tezi ya kwanza kwapani. Angeitafuta kwa kifaa kinacholia, aitoe ipimwe. Ikiwa safi, nyingine zingeachwa. Ikiwa na kansa, zote zingetolewa, na mkono wa kulia ungeweza kuvimba maisha yote. Mimi hukanda chapati za kuuza hapa mtaani Mbotela. Mkono huo ndio unaolisha nyumba nzima, mama mkwe akiwemo.

Nilidungwa, nikarudi nyumbani kungoja upasuaji wa kesho yake. Mama mkwe alinizuia mlangoni, mtoto wangu akiwa mgongoni mwake.

"Usikaribie huyu mtoto. Uko na moto ya hospitali kwa mwili."

"Mama, wamesema ni kidogo, na inaisha yenyewe."

"Na wewe ukaamini."

Alinitengea kikombe, sahani, hata beseni. Akina mama wa kanisa walipokuja kuniombea, aliwaonya wasiniwekee mikono. Wakaomba wakiwa wamesimama karibu na mlango. Nilimchukia waziwazi, na wala sijutii.

Siku ya upasuaji kifaa kililia kwapani, daktari akatoa tezi nyeusi tititi. Nilipozinduka aliniambia hakuipenda rangi ile, tungoje maabara. Siku zile niliuminyaminya mkono wangu kila saa, nikitafuta uvimbe.

Majibu yalipotoka, hakukuwa na kansa kwenye tezi. Weusi ule ulikuwa masizi ya ile mizizi iliyochomwa. Yalikuwa yamepita njia ile ile ya metali, kutoka kwenye chale hadi kwapani, yakakaa.

Nilimkuta mama mkwe sebuleni, mtoto mapajani.

"Ile moto ya hospitali ilitoka?" akaniuliza.

"Yao iliisha yenyewe, mama. Yako ndiyo imetolewa na kisu."

Nilimchukua mtoto wangu. Kisha nikamimina chai katika kikombe cha mama mkwe mwenyewe, nikanywa mbele yake mpaka ikaisha.