Kufia Kwangu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Duka langu liko chumba cha mbele, kitanda kiko chumba cha nyuma, na mjini huwa naenda nikiishiwa sukari ya kuuza. Mke wangu husema ningezaliwa konokono nisingeona tofauti. Mtu kama mimi akikopa, hakopi gari. Nilikopa benki kumalizia nyumba hii ya Ruhuwiko, nikaweka hati yake dhamana, na kila mwezi napeleka marejesho huku nikinung'unika njia nzima.

Ilikuwa imebaki miaka minne, ndipo binti mmoja, afisa mikopo wa benki nyingine, alipoingia dukani kunywa soda. Akanisalimia shikamoo, akaangalia kuta, akaangalia dari, akauliza nalipa riba gani. Nilipomtajia alinitazama kama mgonjwa. Benki yao ingelinunua deni langu lote, riba ingepungua, na marejesho ya mwezi yangeshuka karibu nusu. Ila tungeanza upya, miaka kumi.

Mimi, kidato cha nne kwa daraja ambalo silitaji mbele ya watoto, nilisikia neno moja tu: nusu. Jioni nikamweleza mke wangu kwa sauti ya waziri, nikamwonyesha na pa kusaini kwenye fomu alizoniachia binti, maana nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke.

"Baba, miaka kumi toka leo utakuwa na mingapi?"

"Sitini na nne."

"Na hesabu ya jumla umepiga?"

"Nimepiga ya mwezi."

"Ahaa. Ya mwezi." Akaendelea kuchambua maharage.

Hapo akaingia jirani yetu. Yeye Mbena, sisi Wangoni. Babu zao na zetu walipigana vita, ndiyo maana wajukuu tunatukanana na hakuna anayenuna. Mtani habishi hodi. Alifunua sufuria, akajipakulia makande, akakaa kwenye kiti changu. Mke wangu akamsimulia habari ya benki. Akatafuna kwanza.

"Mngoni, siku ukifa nani atakuja kuchekesha msiba?"

"Wewe, na sura yako hiyo."

"Nikilala kaburini nikazuia maziko, nani atanitoa?"

"Wafiwa. Watakupa kuku, kama kawaida ya watani."

"Basi niambie mapema. Huyo kuku nimdai hapa, au niende kupanga foleni benki? Maana naona wenye nyumba ni wao. Jamani, Mngoni kajenga nyumba ili apange!"

Mke wangu alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Mimi nilitaka kumjibu mtani tusi zuri, nikaliacha. Miaka yote hiyo nimewatambia wateja: hapa ni kwangu. Nikachukua kalamu, nikapiga hesabu niliyokuwa nimeikwepa. Pamoja na riba yao ndogo, miaka kumi ingekula pesa nyingi kuliko minne iliyobaki, bado ada ya mthamini, bado gharama za kufunga mkopo wa zamani. Nikairudia, nikitumaini nimekosea. Sikuwa nimekosea, na nakiri nilijivunia hesabu yangu kuliko nilivyosikitika.

"Tunabaki tulipo," nikasema. "Tutabanana, lakini hati itarudi nikiwa bado na meno."

"Kesho nenda kamwambie huyo binti mwenyewe," alisema mke wangu. "Usijifiche kwenye meseji."

Nikaenda, nimevaa koti la harusi za watu. Binti alinisikiliza, akashangaa.

"Kwani mzee, huo mwezi haukubani?"

"Unanibana sana, mwanangu. Ila unanibana nikiwa kwangu."

Akacheka, akanisindikiza hadi mlangoni kama mteja mkubwa. Nikatoka kifua mbele. Na kijana wa bodaboda aliponitajia nauli ya kunirudisha Ruhuwiko, nikapanda bila kubishana. Yeye mwenyewe aligeuka kuniangalia.