Kanda la Mahindi Kutoka Tanga

Nilitoka Munje kwa ajili ya bibi yangu, mzaa mama, aliyeolewa bara upande wa Kinango. Mwaka ule mvua ilikosa huko. Mchuuzi mmoja wa mbuzi alipita kwetu akatuambia kwamba mbuzi wa bibi wamekufa wote, na sasa anachimba mizizi porini, anaichemsha na kumwaga maji mara tatu ili uchungu utoke. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Mchuuzi alipokwisha kwenda, akaniambia, "Hassani, wewe ndiye mkubwa. Mtafutie bibi yako mahindi, kanda moja tu."

Msambweni, siku ya kwanza. Nilianzia karibu, kwenye ghala la nafaka. Nilichungulia dirishani nikaona magunia yamepangwa hata yanagusa bati. Nje walikuwako wanawake wameketi na vikapu vitupu, na mmoja aliniambia hiyo ilikuwa siku yake ya tatu. Karani hakuwa mtu mbaya. Alinijibu kwa upole.

"Mahindi unayaona, mdogo wangu, na mimi nayaona. Bei imeandikwa pale ubaoni, haipandi, haishuki. Lakini amri ya kuyafungua haijafika."

"Itafika lini, bwana?"

"Ningalijua, ningalikuambia."

Nilirudi nyumbani. Mama akafunga ng'onda wake wote, samaki aliowakausha kwa chumvi kwa miezi, akanitwika. Akasema ndugu yake, Mjomba Bakari, yuko Tanga, na Tanga mahindi hayangoji amri.

Jego, jioni ya siku ya tatu. Nilipanda lori la miwa kipande cha njia, kilichobaki nikakimaliza kwa miguu. Nililala kwa Bi Mwanakombo, rafiki wa mama tangu usichana wao. Hapo kwake hapana duka. Nilimwona jirani ameleta mihogo akaondoka na samaki, na hakuna aliyepima. Mwingine alichukua samaki bila kuleta kitu, akasema tu, "Yangu bado iko shambani." Bi Mwanakombo akamjibu, "Basi iache ikue."

Kwetu tumefundishwa kwamba mgeni hatangulizi shida yake. Huamkia, huuliza habari za wazee, za watoto, za mashamba, kisha hunyamaza mpaka mwenyeji amuulize alichojia. Mimi, kwa haya zangu, nilikaa mkekani mpaka chakula kikaliwa, na bado sijasema.

"Mwanangu," Bi Mwanakombo akacheka, "ulimi umeuacha Munje kwa mama yako, au umeukausha pamoja na ng'onda?"

Binti zake walicheka sana. Nikamweleza habari za bibi, naye akaacha kucheka.

"Huko Tanga usifanye hivi," alisema. "Hapa ukinyamaza tutakuuliza. Kule ukinyamaza watakupita."

Tanga, siku ya tano. Mjomba Bakari alinipokea vizuri. Alikuwa mchukuzi wa mizigo, mtu wa maneno mengi na mabega mapana. Ng'onda wangu aliwauza yeye mwenyewe asubuhi ile ile, akipiga kelele hata nikaona aibu kusimama karibu naye. Kisha ikambidi kwenda kazini. Akanionyesha duka la nafaka, akasema, "Pesa hizo zinatosha kanda zima. Nunua sasa hivi. Hapa bei haina kitanda, hailali."

Niliingia dukani. Mahindi yalikuwa yamemwagwa sakafuni kama mchanga, na kila mwenye pesa alichotewa. Nikamwamkia mwenye duka, "Shikamoo, bwana." Akaitikia, "Marahaba," bila kuinua macho. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema njema. Basi nikasimama pembeni, nikangoja aniulize.

Hakuniuliza. Watu waliingia wakipaza sauti zao, wakabishana, wakatukanana kwa mzaha, wakapimiwa, wakatoka. Kila nilipofungua kinywa, mwingine alikuwa amekwisha kusema. Karibu na adhuhuri likaja lori la shamba la mkonge, likanunua sehemu kubwa ya yale mahindi kwa ajili ya vibarua. Hapo ndipo mwenye duka aliponitazama.

"Wewe kijana, umesimama hapo tangu asubuhi. Unanunua au unalinda mlango?"

Nikamwambia nataka kanda moja. Akataja bei. Haikuwa ile ya asubuhi. Kwa pesa yangu alinijazia nusu ya kanda, akaisawazisha pishi ya kupimia kwa kijiti, hata punje moja isizidi.

Mjomba aliponiona jioni hakunigombeza. Alisema, "Nusu nayo ni chakula. Kesho asubuhi kuna lori la kwenda mpakani. Panda."

Sikupanda. Hili ndilo neno ninaloliandika kwa taabu. Niliona haya kumpelekea bibi nusu kanda, na kumwambia mama kwamba ng'onda wake wa miezi walinunua hicho. Nikamwomba mjomba anitafutie kazi ya siku mbili kwenye bohari la mkonge, nipate kulijaza.

Bohari la mkonge, siku ya sita na ya saba. Nilibeba marobota na watu waliotoka kila upande. Wakati wa kupumzika walisimulia nchi zao. Mmoja alikuwa Mpemba. Alisema kwao karafuu huuzwa mahali pamoja kwa bei iliyokwisha kutangazwa, hivi kwamba mtu anajua atapata nini kabla hajaupanda mti kuchuma. "Raha hiyo," nikamwambia. Akasema, "Raha, ila huwezi kusema kwamba bei ni ndogo. Utamwambia nani?" Mwenzake Mnyamwezi akasema kwao asali ni nyingi na hapana wa kuiuza. "Kila nyumba inayo. Nitampa jirani asali, naye atanipa asali?" Wakacheka. Kwa hiyo alikuwa ametembea siku nyingi kuja kukata mkonge, akauze mikono yake mahali inaponunuliwa.

Niliwasikiliza kwa furaha. Nilidhani ninajifunza ulimwengu. Sikujua kwamba siku zile hazikuwa zangu.

Jego tena, siku ya tisa. Kanda limejaa. Bi Mwanakombo alinipa kibaba cha mchele wa shamba lake, akakirundika kilele, kisha akaongeza ukufi, konzi moja ya mkono, juu yake. "Huu ni wa bibi yako, umpikie uji. Usiuuze." Alfajiri mwanawe akanipitisha njia ya mikokoni, kwa kuwa barabarani kuna kizuizi, na mahindi hayapiti bila cheti.

Kombani, siku ya kumi na moja. Lori liliniteremsha hapo saa mbili asubuhi. Nikajitwika kanda, nikapanda vilima vya Kwale, kisha nikateremka kuelekea Kinango. Kadiri nilivyokwenda majani yalipungua. Nililala kwa watu njiani. Walinipa maji, chakula hawakuwa nacho. Niliwaachia mahindi kidogo.

Kwa bibi, siku ya kumi na mbili, jua limesimama. Kwa mbali niliona wanaume wameketi upande mmoja wa boma na wanawake upande wa pili. Jikoni kwa bibi hapakuwa na moshi. Mama mdogo Mbeyu, aliyekuwa akiishi na bibi, alikuja akanitua kanda kichwani. Akaliegemeza ukutani.

"Tumemzika jana," alisema.

Nikahesabu siku, ingawa sikutaka. Ningalipanda lile lori la asubuhi, ningalifika juzi, akiwa hai bado.

"Mama yako alituma neno kwamba unakuja, na bibi akaniuliza habari zako kila siku," akasema Mama Mbeyu. "Nikamwambia yuko njiani."

"Nilipata nusu kanda kwanza," nikamwambia. "Nikaona aibu kuileta."

Aliligusa lile kanda. "Hata hiyo nusu, mwanangu. Hata kibaba."

Yale mahindi yaliliwa matangani. Wanawake waliyatwanga, na watu waliotoka mbali wakashiba, wakanishukuru. Mchele wa Jego Mama Mbeyu aliupika uji, akawapa watoto wa jirani.

Munje. Nimerudi, na wenzangu huniuliza ni nchi ipi iliyo na mpango mwema. Sijui kuwajibu. Nimeona mahali chakula kipo kinangoja amri, mahali kinampata mwenye sauti, na mahali mtu hupewa kwa kuwa anajulikana, lakini kilichopo ni kidogo. Bibi yangu alikuwa mbali na pote patatu, na mtu wa kumfikishia alikuwa mimi.

Siku hizi nikipiga hodi nyumba ya mtu, husema nilichojia kabla sijauliza habari za watoto. Watu wanasema safari imeniharibu adabu. Mama huwasikia, wala hanikanyi.