Chaki ya Shangazi

Shangazi yangu alikata vitambaa miaka ishirini na mitatu katika karakana ya sare za shule, na miaka yote hiyo alikata akiwa ametupa mgongo. Meza yake aliisukuma mpaka ukutani. Mimi nilitia vifungo meza ya pili, damu yake kabisa, na sikuwahi kuona mkasi wake ukiingia kwenye kitambaa.

Sababu alikuwa nayo. Ujuzi ule aliuiba. Ujanani alikuwa mfagiaji pale pale, na kila alipofagia chini ya meza ya mkataji wa zamani, macho yalikuwa juu. Mzee wa watu akaenda kutibiwa mgongo. Aliporudi akakuta meza ina mwenyewe. Tangu hapo Shangazi alijua anayekutazama kazini anatafuta nini.

Ndipo akaletwa msaidizi wa kumtandazia majora. Tulimwita Mgeni siku ya kwanza, jina likamganda. Alikuwa mama mpole asiye na maneno mengi, na upole huo ndio uliomtia Shangazi wasiwasi.

"Unasikia anavyoniamkia?" aliniuliza. "Asubuhi shikamoo, mchana shikamoo. Mtu hakuamkii hivyo bure."

"Labda ana adabu tu, Shangazi."

"Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe tia vifungo."

Akaanza kuchora chaki ya uongo. Mikono ya mashati aliichora vidole viwili ndani ya kipimo, kisha akakata nje ya mstari kwa kukadiria kwa jicho. Anayeiba mstari, aibe hasara. Alinisimulia nyumbani akicheka mpaka chai ikampalia. Nami nilicheka, sitaficha.

Wiki ya kufungua shule jino likamshika, hakuja. Kitambaa kilikuwa mezani, kimeshachorwa. Msimamizi akamwambia Mgeni akate, naye akafuata chaki kwa uaminifu wote. Nilimwona akikata, nikainamia vifungo vyangu. Mashati sitini, na kwa wembamba hakuna mkono hata mmoja ambao ungempita mtoto kiwiko.

Shangazi aliporudi na shavu limevimba, alimkuta Mgeni anakunja aproni yake, ameshafukuzwa. Msimamizi alikuwa amewaambia wote wasikie kwamba mtu asiyejua kupima hana kazi pale. Mgeni alijibu neno moja tu: "Nimekosea."

Shangazi akamvuta mpaka kwenye meza yangu. Wala hakumshukuru, alimhoji.

"Chaki uliijua ni yangu. Mbona hukunitaja? Unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu, Shangazi. Mimi nitafagia popote. Wewe ukitolewa leo, mkasi huu nani anaujua?"

Shangazi akamwachia mkono. Akanitazama mimi. Nilitamani sakafu inimeze, maana nilikuwa najua kila kitu na nilikuwa nimenyamaza.

Akaenda moja kwa moja kwa msimamizi. "Chaki ile ni yangu. Niliichora vibaya makusudi. Huyu hana kosa."

Msimamizi hakupandisha sauti. Alisema Mgeni arudi kazini. Shangazi naye atakaa mpaka Mgeni ajue kukata, siku hiyo aweke mkasi mezani aende zake.

Basi, lile aliloliogopa miaka ishirini na mitatu, likamfika kwa mkono wake mwenyewe. Akamwita Mgeni washike meza huku na huku, wakaiburuta mpaka katikati ya chumba. "Usitazame chaki," alimwambia. "Tazama kidole gumba kinapokaa." Bado alimtazama kwa jicho la pembeni, na jioni alihesabu chaki zake kabla ya kufunga droo. Kushuku hakukumtoka.

Lakini hakuna aliyemwekea muda. Angetaka, angemzungusha Mgeni hata miaka miwili, na nani angejua? Alimfundisha kwa siku kumi na moja.