Mtoto Hataitwa Meli

Mimi nina jina la meli ya kivita. Silitaji hapa, limekwisha kutajwa vya kutosha.

Nyanya yake mama yangu, angali msichana mdogo, alitolewa kwenye chombo cha watumwa na mabaharia wa Kiingereza. Jina lake liliwashinda kulitamka, wakambandika la meli yao. Alikua nalo, akafa nalo, na kwetu likawa desturi: binti wa kwanza wa kila kizazi hunong'onezwa jina hilo sikioni na mwanamke mkubwa wa ukoo, ndipo litangazwe. Nami nililibeba kwa maringo miaka yote.

Mwaka huu nikapata kazi Kilimani, kutafsiri mabango ya maonyesho kuhusu meli zilizowawinda wauza watumwa. Yetu ilikuwemo. Ilianzia Atlantiki, kisha ikaletwa pwani kwetu. Bango zima lilisifu ilivyoundwa: mbao zilitoka msitu gani, mlingoti ulisimamishwa vipi, fundi alikuwa nani. Nahodha ana jina. Mpishi ana jina. Paka wa kukamata panya, jamani, paka, ana jina! Kisha picha ya watu wameketi sitahani, mbavu nje, na chini yake: "Watumwa waliookolewa." Basi.

Nilimpigia simu kijana anayesimamia kazi.

"Madam, hizo names hazipatikani," akasema. "Hakuna mtu aliziandika. Na hiyo space imeisha."

Nafasi! Paka alipata nafasi. Walikuwa na wino, walikuwa na karatasi, na safari haikuwa ya saa moja. Kumuuliza mtoto "unaitwa nani" kungewapunguzia nini? Kumfungua mtu mnyororo ni wema, sikatai. Lakini kumvua jina na kumvika la chombo ni kumpiga chapa kama ng'ombe. Na sisi tukashukuru, tukairithisha chapa.

Binti yangu anayeishi Kinoo alikuwa amejifungua msichana, na mwenye kunong'ona sasa ni mama yangu. Nikaenda kwake Ngara mbio.

"Mama, mtoto hataitwa meli."

"Hilo ni jina la waliotutoa utumwani, mwanangu. Leo unalitupa kama kanga kuukuu? Shukrani iko wapi?"

Nikamweleza bango, nusura nilie kwa hasira. Akawa anaukunja na kuukunjua upindo wa leso yake.

"Na huyo paka," akauliza, "akiitwaje?"

Nikamwambia. Niliondoka sijui ameamua nini.

Jumapili tukakusanyika Kinoo. Mama akampakata mtoto, akainama, akanong'ona. Alipoinua uso alitangaza jina ambalo hakuna yeyote kwetu aliyewahi kuitwa.

"Mama, hilo ni jina la nani?"

"Lake," akanijibu, akimtazama mtoto.