Mbu wa Mikorosho wa Da Hija

Hija binti Twalib, fundi cherehani wa Chamazi, hakuwa mtu wa shamba. Miaka thelathini maisha yake yalikuwa vitambaa na sare za shule. Ila uani kwake palikuwa na mkorosho alioupanda marehemu mama yake, na mwaka huu machipukizi yake yalikuwa yakinyauka na kuwa meusi kama yaliyobabuliwa na moto. Mdogo wake, Mudathir, akasema mti ule basi tena; Ijumaa baada ya swala atakuja na shoka.

Hija akampigia simu Atuganile, bibi shamba wa kata, ambaye Hija alikuwa akimshonea magauni. Atuganile hakuweza kufika kabla ya Jumatatu. Akaeleza kwamba huenda ni ukungu, au huenda ni mbu wa mikorosho, ambaye si mbu hata kidogo, ni wa jamii ya kunguni, kazi yake kufyonza utomvu wa machipukizi.

"Mtafute asubuhi, jua halijawa kali," akasema. "Ana urefu wa punje ya mchele, vipapasio virefu kuupita mwili wake. Lakini wanaofanana hivyo wapo wengi, Da Hija. Mwangalie mgongoni. Akiwa na kijiti kilichosimama, chenye kifundo nchani, huyo ndiye."

Jumatano hakuona kitu zaidi ya madoa meusi. Alhamisi alipanda juu ya stuli, kanga kaifunga kibwebwe, akageuza chipukizi moja baada ya jingine. Kwenye la tisa kitu chekundu kikazunguka upande wa pili kujificha. Akalifunika kwa glasi, akalikata, akashuka.

Akachukua lenzi aliyokuwa akitungia uzi kwenye sindano. Mgongoni pa mdudu palisimama kitu anachokijua kuliko mtu yeyote mtaani: pini, na kichwa chake cha mviringo. Hija akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Akapiga picha kupitia lenzi, akamtumia Atuganile.

"Umempata," likaja jibu. "Usikate mti."

Mudathir alikuja Ijumaa, kanzu bado mwilini, shoka mkononi. Hija hakubishana naye. Alimpa lenzi na glasi. Mudathir aliinama akatazama.

"Wenzake wako wapi?" akauliza.

Mpaka adhana ya alasiri alikuwa juu ya ngazi, kanzu kaivua, akiita kila alipomwona mmoja. Walipata kumi na wanane. Wakayakata machipukizi mabovu, na Jumatatu Atuganile akawaonyesha namna ya kuhamisha kiota cha maji moto, wale sisimizi wekundu wakali, kutoka mwembe wa jirani, wawawinde waliobaki.

Mti ukachipua upya. Korosho za msimu ule zilijaa bakuli moja tu, na Hija hakujali. Wateja waliokuta cherehani imefunikwa asubuhi walijua wamtafute kwenye ua wa jirani yeyote mwenye mkorosho, yuko juu ya stuli, lenzi jichoni.